Remorke, mazutu na hesabu ya mwenye gari moja

Anayetafuta njipu ya kuvuta remorke Lubumbashi huuliza kwanza injini ina nguvu kiasi gani, na hela yake huanza kupotea hapo. Huku si kwa wazungu wanaokokota nyumba za likizo. Kinachofungwa nyuma ya gari ni jenereta, ile tunayoiita grupu, au kompresa, au pampu ya mgodini. Na siku kisipofika Likasi au Kolwezi, malipo hayaingii. Kwa mfanyabiashara wa Kamalondo mwenye gari moja, swali la kwanza ni jingine: ikizimika njiani, nani ataiwasha?

Ndiyo maana Land Cruiser ya familia ya 70, iliyotoka mwaka 1984, bado ina wanunuzi. Injini yake ya 1HZ ya mwaka 1990 ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya mazutu haingoji kompyuta. Wapinzani wake wana hoja. Nguvu zake ni farasi wapatao 130 tu, na Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambako injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo kwa uhaba wa hewa. Kweli, ikipanda mlima na tani mbili nyuma, malori yatakupita. Lakini kuchelewa saa moja ni hasara ndogo kuliko kulala wiki garaji.

Injini mpya ya lita 2.8, iliyomo kwenye Hilux na sasa kwenye 70 yenyewe, ina farasi 204, turbo inaifidia hewa ya mlimani, na hunywa mazutu kidogo. Ila nozeli zake hupuliza kwa shinikizo kubwa mno, hazivumilii maji wala uchafu. Chukua mazutu ya kuuziwa kwenye bidoni, mimina katika chupa nyeupe, iache hadi asubuhi: kama kuna maji, utayaona yametulia chini kama kioo. 1HZ nayo huumia kwa maji hayo, lakini pampu yake hufunguliwa na mafundi wengi. Nozeli za kisasa hudai mashine ya kupimia na piesi za bei. Akiba ya mafuta huishia hapo. Mwenye magari matatu, tangi lake na mkataba wa kuvuta tani tatu kila siku, huyo anunue ya 2.8, tena aongeze filta ya kutenga maji.

Kinachosahauliwa na pande zote mbili ni uzito wa kwenye ndoano. Remorke iliyopangwa vizuri huiegemeza gari karibu asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo tani mbili ni kilo 200 juu ya springi za nyuma. Ongeza pipa la lita 200 la mazutu, kilo 170 hivi bila bati lake, na vibarua wanne wamekaa juu ya vyombo. Gari imeshajaa kabla haijatoka mjini, na kwenye mteremko remorke isiyo na breki zake yenyewe itaisukuma kutoka nyuma. Hela ikibaki baada ya kununua, iende kwenye breki hizo. Taa za juu ya paa zingoje.