Je, Wajua? Reli ya Mtwara Iliyotangulia Mzigo Wake

Je, wajua kwamba Mtwara iliwahi kuwa na treni? Ukimuuliza kijana wa Shangani leo stesheni iko wapi, huenda akakuelekeza stendi ya mabasi. Lakini tangu 1954 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabehewa ya mizigo yalikuwa yakishuka kutoka Nachingwea, yakipitia Ruo, hadi bandarini. Mwaka 1958 tawi jingine likafika Masasi. Reli hiyo ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ila haikuunganishwa nayo wala na nyingine yoyote nchini. Ilizaliwa peke yake, ikafa peke yake.

Na wajua ilijengwa kwa ajili ya nini? Si korosho. Ilijengwa kwa ajili ya karanga, tena karanga ambazo zilikuwa bado hazijapandwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na majarini ilipatikana kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga kwa matrekta Afrika Mashariki. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake wawili. Wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Walirudi na mpango wa ekari 3,210,000 uliogawanywa katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mashamba 80 kati ya hayo yaliangukia Tanganyika, na mengi ya hayo yalikuwa kusini.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kusini ndiko kulikokuwa na mvua ya kutumainiwa zaidi, ila hakukuwa na reli wala bandari ya kina. Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Tawi fupi kutoka Msagali lingetosha. Basi kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Reli iliwachagulia wakubwa wale shamba, na shamba lenyewe likawa baya: mvua chache, na udongo wa mfinyanzi ambao jua likiuchoma hugeuka sakafu, karanga zikibaki chini bila jembe kuzifikia.

Je, wajua kwamba baadhi ya matrekta ya mpango ule yalikuwa vifaru? Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, kikaviondolea mizinga na kuvigeuza vyombo vya kulimia vilivyoitwa Shervick. Matingatinga mengine yalitoka kwenye masalia ya jeshi la Marekani kule Ufilipino. Miti iling'olewa kwa mnyororo wa nanga ya meli uliofungwa katikati ya matingatinga mawili. Yote hayo hayakuiokoa hesabu. Karanga zilizonunuliwa kuwa mbegu zilizidi karanga zilizovunwa, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mpango huo, hasara ikiwa ni takriban pauni milioni 36.

Sasa zitazame tarehe za kusini. Kipande cha kwanza cha reli, kutoka gati la Mkwaya kwenye hori la Lindi hadi Nachingwea, kilifunguliwa mwaka 1949. Hori lile halikuwa na kina cha kupokea meli kubwa, kwa hiyo ilibidi ijengwe bandari mpya Mtwara na njia ya kuiunganisha na Ruo. Bandari na njia hiyo vilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mzigo wake kufutwa. Mji wenyewe ulichorewa ramani ya wakazi 200,000. Ukipita leo kwenye barabara zake pana zilizonyooka, zisizofanana kabisa na vichochoro vya Mikindani, unapita kwenye ramani hiyo.

Nachingwea nako hakukukaa bure. Katikati ya miaka ya 1960 moja ya mashamba yaliyoachwa, Shamba Namba 17, lilikuja kuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, chini ya Samora Machel. Kongwa pia ilipokea wapigania uhuru kutoka nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Ningethubutu kusema kwamba hilo ndilo zao lililostawi kuliko yote katika mpango wa karanga, ingawa London hakuna aliyelipanda.

Treni iliendelea kwa hasara kwa miaka michache, kisha njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Lakini je, wajua ni lini kusini ilipata mzigo wa kujaza treni? Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi, sehemu kubwa ikiwa ya Mtwara na Lindi. Reli ilikuwa imekwisha kuondoka muongo mmoja nyuma. Na korosho hizo hazikulimwa na kampuni wala kifaru. Zilitoka kwa mkulima mwenye mikorosho yake kadhaa pale Newala, Tandahimba au Masasi, mtu ambaye waliochora reli hawakumweka kwenye hesabu hata kidogo. Stesheni zilifuata mashamba ya ekari 30,000. Hazikufuata vijiji vya mkulima huyo.

Mavuno yalianguka vibaya baadaye, yakashuka hadi chini ya tani 17,000 katikati ya miaka ya 1980, kisha yakapanda tena. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Hebu tupige hesabu ya kalamu na karatasi. Lori la tani 30 litahitaji safari 10,000 kuzisomba zote. Behewa la reli ya mita hubeba karibu tani 40. Treni ya mabehewa 20 ni tani 800. Kwa hiyo treni 375, yaani takriban moja kwa siku mwaka mzima, zingemaliza kazi.

Ila korosho haina subira ya mwaka mzima. Huvunwa na kupelekwa mnadani hasa kuanzia Oktoba hadi Januari, na Desemba mvua zinaingia. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowafikia wakulima wa korosho mwaka 2007, hukusanya mzigo kutoka vyama vya msingi hadi maghala makuu, na hapo ndipo foleni za malori hujitokeza. Mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, hana foleni: huja na kopo lake hadi uani kwa mkulima, na ndiyo maana hafi. Novemba 2018, wanunuzi walipoigomea bei, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakatumwa kuzisomba. Sijui nchi nyingine iliyowahi kupeleka jeshi kwenye korosho.

Kutegemea barabara peke yake kuna sumu yake. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa kivuko. Mei 2024, mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na malori yakabaki yamejipanga pande zote mbili.

Je, wajua kwamba kitu kimoja cha kusini husafiri bila lori? Ni gesi. Iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Italia ya AGIP kwenye Ghuba ya Mnazi, mwendo mfupi kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mchanga wa Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma. Ilikaa ardhini miaka mingi kwa kukosa mtumiaji. Mwaka 2013 wakazi wa Mtwara waliandamana wakipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na miaka miwili baadaye bomba hilo lilianza kazi. Kwa hiyo mkulima wa Msimbati anaishi jirani na kisima chenye njia yake ya kilomita mia kadhaa hadi Dar es Salaam, huku gunia lake la korosho likisubiri fuso.

Tuseme reli irudi. Je, wajua kwamba kazi kubwa ya kuifanya njia ibebe mazao hufanyika chini ya magurudumu? Kila ekseli hukandamiza chuma, chuma hukandamiza taruma, taruma hukandamiza kokoto, na kokoto tuta la udongo. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, behewa hupakiwa nusu au treni hutambaa. Katika ukarabati wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, vyuma vyepesi vya ratili 56 kwa yadi viliondolewa mahali pengi na kuwekwa vya ratili 80, na madaraja dhaifu yakaimarishwa. Hakuna aliyekata utepe kwa ajili ya kokoto, lakini ndizo zinazoamua uzito wa behewa.

Australia Magharibi ilijifunza upande wa pili wa jambo hili. Huko ngano huteremka bandarini kwa reli nyembamba za milimita 1,067, zinazokaribiana na zetu. Matawi yenye mzigo mdogo yaliachwa bila ukarabati, na Juni 2014 yale yaliyowekwa daraja la tatu, la chini kabisa, yakafungwa. Ngano haikupungua; ilihamia kwenye malori makubwa, na halmashauri za vijijini zikabaki na barabara za kukarabati.

Sasa kuna mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yapata kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Bandari ya Mtwara imeshaongezewa gati la mita 300, na makaa kutoka Ruvuma yanaifikia kwa malori. Mzigo wa mwaka mzima, safari hii, upo. Ila behewa la makaa halifai kwa ufuta wa Mei, mbaazi za Agosti wala korosho za Novemba, na tani za migodini zina sauti kubwa kuliko gunia la mkulima kila ratiba inapopangwa. Kituo cha Isaka, Shinyanga, kinashusha makontena kutoka treni hadi lori kwa sababu kiliwekwa pale reli inapokutana na barabara ya mzigo, na yadi ikapimwa kwa kazi hiyo. Nanyumbu, Masasi na Newala zina maghala yanayofahamika, yenye namba na milango. Mchoraji wa stesheni anaweza kuanzia hapo, akiwa na orodha ya vyama vya msingi mkononi.