Majina ya Mahali katika Ramani za Buha

Buha, penye wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, ni nchi ya miinuko. Miamba ya mchanga iliyolala kwa matabaka imefanya magenge yenye vilele bapa, na kati yake mito imechimba mabonde yanayoelekea Malagarasi. Kuichora nchi ya namna hii kuna kazi mbili: kupima umbo lake na kuandika majina yake. Ya kwanza imefanywa kwa usahihi kuliko ya pili.

Burton na Speke, waliopita kusini mwa Buha na kufika Ujiji mwaka 1858, walikadiria njia kwa dira na saa za mwendo. Baadaye Wajerumani walitoa ramani ya kipimo cha 1:300,000, ambamo sentimeta moja ni kilometa 3. Kati ya 1931 na 1933 Martin Hotine alipima mlolongo wa pembetatu kutoka kilima hadi kilima kwa kufuata meridiani ya 30, ipitayo karibu na Kasulu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, picha zilizopigwa kutoka ndege ziliwezesha ramani za 1:50,000 zenye mistari ya kontua.

Lakini picha huonyesha genge, haitaji jina lake. Jina lilipokewa kwa sikio, na aghalabu lilikuwa limekwisha kupita katika kinywa cha Kiswahili. Stanley aliyepita mwaka 1871 aliandika Uhha, kwa kiambishi cha Kiswahili, ambapo wenyeji husema Buha. Mto uandikwao Malagarasi Tanzania huandikwa Malagarazi upande wa Burundi. Rusugi ya wasafiri wa kale ndiyo Ruchugi ya leo. Moyowosi huandikwa pia Muyovozi. Tena Kiha hutofautisha toni na urefu wa irabu, na hayo mawili ramani haiyaonyeshi kamwe.

Kwa hiyo tahajia ya ramani ni ushahidi wa jinsi jina lilivyosikika kwa mwandishi, wala si ushahidi kamili wa matamshi ya Kiha. Hata hivyo thamani yake ni kubwa. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu waliokaa mtawanyiko na kuwakusanya vijijini. Jina la mahali palipohamwa hukosa watu wa kulitaja kila siku. Yampasa mtafiti kulinganisha karatasi za miaka mbalimbali, kisha kuwasomea wazee majina hayo papo hapo mahali yanapohusika, na kuyaandika upya kama wanavyoyatamka.