Kupimwa homa ku mupaka: kunasaidia nini?



Wengi wenu munaovusha tomati na maharagi ku Kasindi ao ku Goma munakumbuka wakati wa Ebola: kunawa mikono, kisha kipima joto ku paji la uso. Kuna wanaosema ilikuwa kupoteza saa bure. Tuangalie vizuri.

Kile kipimo kinaona kitu kimoja tu: joto la mwili la ile dakika. Mutu aliyeambukizwa Ebola anaweza kumaliza siku 2 mpaka 21 bila dalili; huyo atapita. Na mwenye malaria atasimamishwa. Sisi tunajua hayo kwa migomba: mutoto wa mugomba anaonekana mzuri, majani mabichi kabisa, kumbe ugonjwa wa kunyauka uko ndani. Ndiyo maana tunauliza ametoka shamba gani. Ku mupaka pia, maulizo ya munganga (umetoka wapi, umeuguza nani, umezika nani) yanaweza kushinda kipimo, kama mutu anajibu kweli.

Juni 2019, familia moja iliyotoka maziko huku Congo ilionekana na dalili ku Kasindi, ikatengwa. Wakingojea kupelekwa Beni, wengine wakatoroka, wakavuka Uganda kwa njia ya panya. Tarehe 11 Juni mutoto wao wa miaka 5 alithibitishwa kuwa na Ebola. Akafa, na bibi yake vilevile. Lakini ugonjwa haukusambaa Uganda, kwa sababu familia ilijulikana na waliokutana nao wakafuatiliwa. Anayepita kichochoro hana jina mahali popote.

Tena mupaka ukifungwa, tomati haingoji. Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ilifunga upande wa Goma kwa saa chache tu, na hata hizo zilitosha kuleta hofu sokoni.

Kwa hiyo, ugonjwa ukirudi: ondokeni mapema, na katibu aandike nani amesafiri na mali, siku gani. Musimeze parasetamoli ili kupita; inashusha homa, inaficha ugonjwa.

Ila mimi naona shida kubwa iko kwetu. Mwenye homa, mwenye deni la mbegu na vikapu sita vya tomati mgongoni mwa pikipiki, atajificha tu. Koperative ikubaliane mapema katika mukutano: mwenye homa anabaki nyumbani, mwenzake anauza mali yake, na franka zinamufikia zote.