Msongo kazini: chanzo chake na madhara yake kandokando ya Ziwa Victoria

Jua linapozama, katika mialo ya Ziwa Victoria wavuvi wa dagaa huanza kazi saa ile ile ambayo watu wengine wanafunga yao. Usiku wa giza ndio usiku wao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa pale ambapo mwezi haushindani nao. Mwezi ukijaa, mitumbwi huvutwa pwani, nyavu hushonwa na miili hupumzika. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi iliyopangiwa mapumziko na mwezi wenyewe haiwezi kumsonga binadamu. Kumbe, usiku wa mbalamwezi mvuvi hulala huku akihesabu: hakuna dagaa, hakuna fedha, karo ya mtoto inadaiwa, na mkopo hauangalii kalenda ya mwezi. Mwili umelala mkekani, lakini wasiwasi uko macho.

Tunaanza na mfano huu kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani uchovu na msongo. Uchovu huondoka mtu akilala. Msongo hubaki hata baada ya usingizi, kwa sababu kilichouleta bado kipo mlangoni.

Lugha yetu huuita msongo wa mawazo, na jina hilo lina ukweli na hatari yake. Ukweli umo katika kitenzi chenyewe: kusonga ni kubana na kukandamiza, na kila aliyewahi kusonga ugali wa sufuria kubwa anajua maana ya kukandamizwa kutoka pande zote. Hatari imo katika neno la pili. Tukisema ni wa mawazo, tunasadiki upesi kwamba umeanzia kichwani mwa mhusika, na kwamba dawa yake ni yeye kubadili mawazo. Mara nyingi sivyo. Mawazo ndipo unapoonekana. Chanzo chake kimo katika namna kazi ilivyopangwa.

Mwanasayansi Hans Selye, aliyefanya utafiti wake Montréal nchini Kanada, alieleza mwaka 1936 kwamba mwili hujibu madhara ya aina mbalimbali kwa namna inayofanana. Leo tunafahamu zaidi jinsi jambo hilo linavyotendeka. Mtu akikabiliwa na tishio, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, sukari huingia katika damu ili misuli ipate nguvu. Maumbile haya ni zawadi. Ndiyo yanayomwezesha mvuvi kupambana na upepo wa ghafla ziwani na kufika nchi kavu. Lakini yaliumbwa kwa ajili ya dhoruba inayopita. Yakibaki yamewashwa juma baada ya juma, nguvu ile ile iliyokuwa ya kuokoa huanza kuuchakaza mwili.

Je, ni nini hasa huyaweka yamewashwa? Jibu la haraka ni wingi wa kazi, nalo halitoshi. Mwaka 1979 Robert Karasek alionesha kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile inayodai mengi huku ikimnyima mtu uwezo wa kuamua lolote. Baadaye, mwaka 1996, Johannes Siegrist aliongeza jambo jingine: mtu huumia pale anapotoa mengi na kupokea kidogo, iwe ni fedha, heshima au uhakika wa kesho.

Mafundisho haya yana sura zake hapa Mwanza. Kijana wa bodaboda kati ya Igoma na katikati ya jiji hupaswa kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, iwe mvua imenyesha au la, iwe abiria wamepatikana au hawakupatikana. Kiasi hakupangi yeye, mvua haiamui yeye, lakini upungufu ni wake. Hapo ndipo mwendo wa kasi unapozaliwa, na hatuoni vema kumlaumu dereva peke yake tukaisahau hesabu. Vivyo hivyo kibarua wa kiwanda cha kuchakata sangara: husimama saa nyingi katika baridi na maji, na asubuhi hajui kama kesho ataitwa, kwa sababu idadi ya wanaoitwa hutegemea samaki waliofika.

Mama anayekausha dagaa amebeba mzigo wa aina yake. Amenunua mali mbichi kwa fedha ya mkopo, pengine ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Ameianika juani, juu ya mchanga, mawe au vichanja. Wingu moja la mchana likimwaga mvua kabla hajaikusanya, dagaa waliokuwa chakula cha binadamu watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na deni litabaki na bei yake ya awali. Atatazama mawingu mchana kutwa. Tunathubutu kusema kwamba kazi ya kutazama mawingu humchosha kuliko kazi ya kuanika.

Hata penye ajira rasmi hali si tofauti sana. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake, au mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni, huumizwa zaidi na kujua kilicho sahihi huku akikosa nafasi ya kukitenda.

Wazee wa Usukuma walijua kwamba kazi nzito si lazima imvunje mtu. Ngoma ya bugobogobo, ambayo hadi leo huchezwa katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ni ngoma ya majembe. Ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa safu moja na kufuata mdundo mmoja. Jua lilikuwa kali na ardhi ilikuwa ngumu, lakini hakuna aliyelima peke yake, na aliyechoka alibebwa na mdundo wa wenzake. Watafiti wa kazi huuita msaada wa wenzi, nao wamethibitisha kwamba hupunguza makali ya msongo. Bodaboda, kibarua na mkopaji wa leo wamepoteza sehemu kubwa ya safu hiyo.

Madhara hayachelewi kuonekana. Mwanzoni ni usingizi wa vipande vipande, maumivu ya kichwa na mgongo, tumbo lisilotulia, hasira kwa jambo dogo. Baadaye hufuata shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walifariki dunia mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Mtu wa saa hizo, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35. Shirika la Afya Duniani pia, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeeleza hali ya kuishiwa kabisa kutokana na kazi. Ina alama tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi hata kuidharau, na kuona kwamba hakuna lolote unalolifanikisha. Shirika hilo haliiiti ugonjwa. Linaiita hali inayotokana na msongo wa kazi usioshughulikiwa ipasavyo. Maneno hayo yanaelekeza macho mahali pa kazi kabla ya kumtazama mfanyakazi.

Sehemu kubwa ya madhara, hata hivyo, haifiki hospitalini. Hufika nyumbani. Baba aliyenyamaza mbele ya tajiri wake mchana kutwa hupata sauti mbele ya mke na watoto. Mwingine hupitia kilabuni kwanza, na fedha kidogo iliyokuwapo huishia huko.

Hapa yatupasa kujihoji sisi waamini. Ni mara ngapi tumemwambia ndugu aliyelemewa kwamba imani yake imepungua, aongeze sala? Nabii Elia alipolala chini ya mti jangwani akiomba kufa, Malaika wa Bwana hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Sala ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa chakula, usingizi na mwenza. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika waraka wake Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi.

Sheria ya nchi inakubaliana na fundisho hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwajiri Mkatoliki, ziwe ni taasisi zetu za Kanisa au familia yenye msichana wa kazi, aanze kujipima hapo. Msichana anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, Jumapili hadi Jumapili, naye ni mfanyakazi, hata kama tunamwita binti yetu.

Kwa aliyekwisha kulemewa, ikiwa usingizi umepotea kwa majuma kadhaa, au mawazo ya kujidhuru yameanza kuja, asisubiri. Aende kituo cha afya au hospitali na kusema wazi kinachomsumbua, na mtu wa karibu amsindikize. Kwa wengine, Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA zina nafasi ambayo daktari hana. Kikundi cha akiba kinachomwezesha mama wa dagaa kulipa kausha damu na kukopa kwa wenzake huondoa chanzo chenyewe. Na wavuvi wa mwalo mmoja wakikubaliana kuweka fungu dogo kila usiku wa giza, wakagawana mwezi ukijaa, watakuwa na cha kununulia unga siku ambazo mitumbwi imevutwa pwani.