Vali ya Moyo: Kupasuliwa Kifua au Kupitia Pajani?

Je, wewe hukosa pumzi ukipanda ngazi, huumwa na kifua au huzirai ghafla? Huenda vali ya aota, yaani mlango wa kutolea damu moyoni, imekuwa ngumu na haifunguki vyema. Dawa haziwezi kuifungua. Ni sharti ibadilishwe.

Njia ya zamani ni kupasua kifua, mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mwaka wa 2002, Dkt Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alimwekea mgonjwa vali mpya kwa mrija uliopitishiwa mshipa wa pajani.

Basi mbona tusiwatibu wote hivyo? Mzee wa miaka 80 mara nyingi hufaidika na mrija, kwani hupata nafuu upesi. Lakini vali hiyo hutengenezwa kwa utando wa ng'ombe au nguruwe (uliza mapema ukijali), nayo huchakaa. Kijana ambaye vali zake kadhaa zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi heri apasuliwe, zote zitengenezwe pamoja. Vali ya chuma hudumu, ila atameza warfarini maisha yake yote. Na wewe dada unayetarajia kuzaa, mwambie daktari kabla ya upasuaji: warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.