Fahamu: Kuunga bomba la plastiki kwenye mabomba ya chuma ya zamani

Katika nyumba za zamani za Changamwe, Likoni na Kisauni, Mombasa, mabomba ya chuma huliwa na kutu kutoka ndani. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi huyakimbilia mfereji ukikauka, huzidisha kutu hiyo. Kata kipande cha nusu inchi kilichozeeka uone: magamba ya kahawia yamejaa, tundu lililobaki halipitishi hata kidole. Ndiyo maana kubadilisha koki peke yake hakuongezi maji.

Mafundi wengi sasa huweka PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi. Na kwenye vipimo ndipo wenye nyumba huumia. Chuma hutajwa kwa inchi zinazokaribia upana wa ndani, PPR kwa milimita za upana wa nje. PPR ya 20 yenye unene wa milimita 3.4 hubakisha tundu la milimita 13.2 tu, ilhali nusu inchi mpya ya chuma ina takriban 16. Kwa hiyo dai ya 25, hasa tangi likiwa chini na msukumo mdogo.

Penye maungio, tumia kiungio chenye hesi za shaba. Hesi ya chuma iliyolika haishiki. Fundi aikate, achonge nyingine. Ukuta usizibwe kabla ya kufungulia maji na kukagua kila kiungio. Kipande kinachopita nje kifunikwe, kwa sababu jua huidhoofisha plastiki hii.