Maono ya Manabii na Maana ya Hukumu: Maneno Machache kwa Walimu wa Nyanda za Juu za Kusini

Miongoni mwa masomo ya Maandiko, hakuna lililo na hatari kwa mwalimu kuliko somo la maono ya manabii. Habari za Ibrahimu na Yusufu huweza kufundishwa na mwalimu mchanga pasipo madhara. Lakini mnyama mwenye pembe kumi, na mwezi uliogeuka damu, na hesabu ya nyakati na siku, vikiangukia mikononi mwa mtu asiye na uangalifu, huweza kubomoa nyumba za watu. Hatusemi hivi kwa kutisha. Huko Kanungu, katika nchi ya Uganda, mwezi wa Machi mwaka 2000, mamia ya watu walikufa katika kundi lililokuwa likingoja mwisho wa dunia. Na katika msitu wa Shakahola, upande wa Kilifi katika nchi ya Kenya, tangu mwaka 2023 zimefukuliwa maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja, na wengi wao walikufa kwa kufunga chakula wakitumaini kumwona Kristo. Watu hao hawakukosa Biblia. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha jinsi ya kuisoma.

Basi tumeona yafaa tuandike machache juu ya jambo hili, tukiwafikiria hasa walimu na wachungaji wa Mbeya na Iringa, kwa kuwa nchi hizi zina habari yake ya zamani.

Mwaka 1908 alirudi Unyasa, nchi iitwayo leo Malawi, mtu mmoja wa kabila la Watonga, jina lake Elliot Kenan Kamwana, aliyekuwa amesoma katika misheni ya Livingstonia. Huko Afrika Kusini alikuwa amepokea mafundisho ya Charles Taze Russell wa Marekani, mwenye chama cha Watch Tower. Kamwana alihubiri kwamba mwezi wa Oktoba mwaka 1914 Kristo atakuja, na serikali za Wazungu na kodi zao zitakoma. Alibatiza maelfu ya watu katika miezi michache, na mwaka 1909 serikali ikamwondosha. Baada yake, katika miaka ya 1918 na 1919, Hanoc Sindano, Mumambwe, alihubiri mafundisho ya namna hiyo katika nchi ya Zambia ya leo, karibu na mpaka wetu. Watu wake wakakataa kuwatii machifu na kuchukua mizigo ya vita. Mafundisho hayo yakavuka mpaka, yakaingia Ufipa na Mbozi. Haki yataka tuseme kwamba wahubiri hao hawakuwa chini ya usimamizi wa chama cha Marekani. Kila mmoja alichukua neno akalipeleka kwa njia yake.

Na hapa pana jambo la lugha la kuangaliwa. Jina la Watch Tower maana yake ni mnara wa mlinzi. Lakini katika Kongo na nchi za jirani neno la mnara likageuka kuwa Kitawala, na kila ajuaye Kiswahili husikia ndani yake kitenzi kutawala. Basi jina lililotaja mahali pa kuchungulia likasikika kuwa jina la enzi. Kama jina moja tu huweza kugeuka hivi katika masikio ya watu, je, si zaidi maono ya Danieli?

Sasa tuitazame hesabu yenyewe iliyozaa mwaka 1914. Ilitoka katika sura ya nne ya Danieli, penye ndoto ya mti mkubwa uliokatwa, na kisiki chake kuachwa ardhini hata nyakati saba zipite. Wenye hesabu walisema kila wakati ni mwaka wa siku 360, na mara saba ni siku 2520. Kisha kila siku wakaifanya kuwa mwaka, wakaanza mwaka 606 kabla ya Kristo, ambao kwao ulikuwa mwaka wa kuanguka kwa utawala wa Yerusalemu, wakafika 1914. Mwalimu wa hesabu ataona kosa mara moja. Hakuna mwaka sifuri kati ya mwaka wa kwanza kabla ya Kristo na mwaka wa kwanza baada yake. Kwa hiyo jumla ni miaka 2519. Na wanahistoria wanasema Yerusalemu uliangamizwa mwaka 587 au 586, wala si 606.

Lakini kosa la hesabu ni dogo. Kosa kubwa ni la kusoma. Sura ile ile inatoa maana ya ndoto yake: Danieli anamwambia Nebukadreza waziwazi kwamba mti ule ni yeye mfalme. Nyakati saba zikampata yeye, akala majani kama ng'ombe, kisha akili zake zikamrudia. Tena Danieli hakumpa mfalme tarehe ya kungoja. Alimpa shauri, kwamba aache dhambi zake kwa kutenda haki na kuwahurumia walioonewa. Na miezi kumi na miwili ikapita kabla neno halijatimia. Nafasi hiyo ndiyo moyo wa sura nzima. Wenye kuhesabu waliipita wasiione.

Kutokana na mfano huu twaweza kutoa maswali matatu ambayo mwalimu ayaulize kila akutapo maono.

Swali la kwanza: je, maono haya yamejieleza yenyewe? Mara nyingi yamejieleza. Katika Danieli sura ya nane, kondoo mume mwenye pembe mbili anaelezwa kuwa ni wafalme wa Umedi na Uajemi, na beberu kuwa ni mfalme wa Uyunani. Katika Ufunuo sura ya kwanza, nyota saba ni malaika wa makanisa saba, na vinara saba ni makanisa yenyewe. Ishara ikisha kufasiriwa na mwenyewe, haifai mgeni aje na tafsiri ya pili.

Swali la pili: wasikilizaji wa kwanza walijua kitu gani, na neno gani lilikuwa masikioni mwao? Nabii Amosi alionyeshwa kikapu cha matunda ya kiangazi, akaambiwa mwisho umewajia Israeli. Msomaji wa Kiswahili hushangaa, kwa maana matunda na mwisho havifanani. Lakini katika Kiebrania matunda hayo huitwa kayits, na mwisho huitwa kets. Sikio la Mwebrania lilipata yote mawili kwa mara moja. Vivyo hivyo Yeremia aliona tawi la mlozi, shaked, akaambiwa kwamba Mungu anakesha, shoked, ili alitimize neno lake. Huu ni mchezo wa maneno, kama vitendawili vyetu. Tafsiri haiwezi kuuchukua, na mwalimu asipoueleza wanafunzi watatafuta siri ndani ya kikapu. Hata hesabu ya 666 yataka ujuzi wa namna hii. Waebrania na Wayunani walitumia herufi kuwa tarakimu, kama walimu wa pwani wanavyofanya kwa abjadi, na wataalamu wengi wameona kwamba jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania hutoa hesabu hiyo.

Vitu vingine vya manabii tunavyo hapa kwetu. Amosi alionyeshwa timazi kando ya ukuta. Wataalamu hubishana juu ya neno lile la Kiebrania, ila watafsiri wengi wameshika timazi, na fundi yeyote wa matofali huko Iringa aijua. Timazi haiangushi ukuta. Huonyesha tu kwamba ukuta umepinda. Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi. Nasi tunao wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huletwa kuuzwa Matema. Wao hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, lakini jambo Yeremia aliloliona kwao lipo: udongo mbichi ukiharibika, mfinyanzi huukanda tena akafanya chombo kingine. Ndiyo sura ya kumi na nane. Katika sura ya kumi na tisa Yeremia anachukua gudulia lililokwisha kuchomwa, analivunja mbele ya wazee, wala haliwezi kutengenezwa tena. Sura hizi mbili zifundishwe pamoja. Anayefundisha ya kwanza peke yake huwalaza watu usingizi. Anayefundisha ya pili peke yake huwakatisha tamaa.

Swali la tatu: maono haya yaliwataka wasikilizaji wafanye nini? Hapa hatuna budi kulitazama neno hukumu. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku limeelekea upande wa adhabu. Tukisikia fulani amehukumiwa, twaelewa kwamba ameonekana na hatia na atafungwa. Lakini Kiswahili kina neno la kibantu, kuamua. Watu wawili wakipigana, mtu akaingia katikati kuwatenga, twasema amewaamua. Na wakiwa na shauri, mzee huwaamua pia. Maana ya Kiebrania, shafat, yakaribia sana neno hili, na kwa sababu hiyo wale waliowaokoa Israeli mikononi mwa adui huitwa katika Biblia yetu Waamuzi. Wajane na yatima wa Israeli waliposikia kwamba Bwana anakuja kuhukumu, hawakulia. Walifurahi, kwa kuwa anayewatenga na mwenye kuwaonea amefika.

Tena mwanafunzi wetu haji darasani na moyo mtupu. Mama Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya miaka 1934 na 1938, ameandika habari ya pumzi ya watu, ambayo Wanyakyusa huiita embepo sya bandu: majirani wakichukizwa na mwovu hunung'unika, na manung'uniko yao humletea baridi na ugonjwa. Ameandika pia habari za wale waitwao abamanga, wenye kuwaona wachawi katika ndoto usiku na kukilinda kijiji. Hatuyataji haya kwa kuyadharau. Ndani yake mna ujuzi wa kweli, kwamba uovu wa mtu mmoja huwagusa wote, na kwamba kuna wenye wajibu wa kukesha. Lakini mwalimu aonyeshe tofauti. Pumzi ya watu hunung'unika kwa siri, na mgonjwa hana budi kutafuta kosa lake. Nabii husimama hadharani na kulitaja kosa: mizani ya udanganyifu, maskini aliyeuzwa kwa jozi ya viatu. Na nabii huweza hata kumtetea aliyeshitakiwa. Amosi alipoona nzige, kisha moto, aliomba, na mara zote mbili Bwana alighairi.

Labda mtu atatujibu hivi: mbona mwaka 1914 vita vilikuja kweli? Naam, vilikuja. Mwezi wa Septemba mwaka ule Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, si mbali na Kyela. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Tukuyu na Iringa. Mwaka 1918 ukafuata ugonjwa wa mafua uliowaua wengi. Wako waliosema nabii amesadikiwa. Lakini Kamwana hakutabiri vita. Alitabiri kuja kwa Kristo na kukoma kwa kodi. Serikali ya Mjerumani iliondoka, ikaja ya Mwingereza, na kodi ikaendelea kutozwa. Kipimo cha Kumbukumbu la Torati sura ya kumi na nane ni kwamba neno lenyewe lililonenwa litimie, wala si lingine linalofanana nalo.

Mwingine atauliza: je, tukiacha kutaja siku, hatuwaondolei watu hofu ya hukumu? La. Mwenye kujua siku hungoja siku. Asiyejua siku hana budi kuwa tayari leo, na hii ndiyo sababu Bwana mwenyewe alisema kwamba siku ile hakuna aijuaye. Tazama pia mwezi uliochaguliwa. Oktoba katika nchi zetu ni mwezi wa kutayarisha mashamba, kabla ya mvua za kwanza. Mtu akiaminishwa kwamba Oktoba ni mwisho, ataliacha jembe. Novemba itafika, jirani zake watapanda, naye mwezi wa Februari watoto wake watalia njaa. Hukumu iliyofundishwa vibaya huwaangukia wasio na hatia.

Basi shauri letu kwa walimu ni hili. Usisome maono nusu. Soma sura nzima mbele ya darasa, uwaache wanafunzi watafute wenyewe mahali ishara inapoelezwa. Usipojua maana ya ishara, sema hujui, wala usione haya. Danieli mwenyewe alikiri kwamba alisikia asielewe. Na akija mgeni mwenye tarehe, usimfukuze kwa matusi, maana watu watamhurumia na kumfuata. Keti naye mbele ya watu, mfungue sura aliyoitegemea, mwulize yale maswali matatu.

Ezekieli aliitwa mlinzi. Watu wetu wamjua mlinzi, yule akaaye juu ya dungu shambani mahindi yanapokomaa. Hakuna amwulizaye nguruwe watakuja tarehe gani. Kazi yake ni kukesha, na awaonapo kupiga kelele, ili wenye shamba waamke na chakula cha watoto kipone.